Mwosha Maiti na Mkopo wa Nyumba

Mwenye nyumba wa tano hakuja mwenyewe. Alimtuma mkewe, naye mke akasimama mlangoni bila kuvuka kizingiti, mkoba ameukumbatia kifuani kama ngao.

"Dada Pao-lien," alisema, "tumesikia kazi unayofanya."

"Naifanya mwaka wa ishirini na sita huu," Pao-lien alijibu. "Mmechelewa kusikia."

"Si kwamba tuna ubaya na wewe, dada. Ila mwanetu anaoa mwezi wa kumi na moja, sasa wakwe wakija kujua kwamba mpangaji wetu..."

"Nihame lini?"

"Mwisho wa mwezi, ukiweza."

Akaweza. Tseng Pao-lien alikuwa bingwa wa kuhama. Sufuria zake zilijua kupangana zenyewe ndani ya maboksi. Mara hii, lakini, alipokuwa akifunga godoro kwa kamba, alijisikia akisema kwa sauti, peke yake chumbani: "Sasa basi. Nyumba nyingine nitakayoingia, wa kunitoa awe yule ambaye huwa ananiletea wateja."

Kazi yake ilikuwa kuosha maiti. Aliwaosha, akawavisha, akawachana nywele, akawapaka rangi kidogo ili jamaa zao wapate kuwatazama bila kushtuka. Mji wa Xinying, kusini mwa Taiwan, si mkubwa. Nyumba chache mno zilikuwa hazijawahi kumwita. Hata hivyo hakuzaliwa na kazi hiyo. Alipokuwa kijana alikuwa msusi, na mteja wake mkuu alikuwa mama mmoja muuza vitambaa aliyekuja kila Ijumaa kutiwa mawimbi ya nywele. Ijumaa moja mama hakuja. Akaja binti yake, macho yamevimba.

"Mama alikuwa hakubali mtu mwingine aguse kichwa chake," binti alisema. "Tafadhali, mara hii ya mwisho."

Pao-lien alikwenda akitetemeka mpaka vibanio vikamdondoka. Alipozigusa tu zile nywele alizozizoea, mikono ikatulia. Alipomaliza, binti alimtazama mama yake kitambo, kisha akasema, "Huyo. Huyo ndiye mama." Akalia kilio kizuri, kile kinachomwacha mtu mwepesi. Mwezi uliofuata familia tatu zilikuja kubisha mlangoni kwa Pao-lien, na mkasi wa walio hai ukaanza kushika kutu.

Mumewe, fundi wa mashine, alivumilia miaka minne. Halafu akatangaza kwamba supu inanuka ubani, akaenda zake Kaohsiung na muuza chai mmoja ambaye, kwa maneno yake, alikuwa na mikono ya joto. Pao-lien hakumfuata. Mikono yake aliijua: ilikuwa baridi kwa sababu ya maji, si kwa sababu ya wafu.

Basi, akiwa na miaka hamsini na mmoja na akiba aliyoiweka kidogo kidogo, akavaa blauzi yake ya kijivu akaenda benki kuomba mkopo wa nyumba.

Alipokewa na kijana mwenye tai iliyombana shingo.

"Mwajiri wako ni nani, mama?"

"Ni wengi."

"Na wanaweza kuthibitisha mshahara wako?"

"Wenyewe? Hapana. Hawasemi."

Kijana akainua macho. Pao-lien akamweleza kazi yake, kwamba hulipwa na familia, kwa bahasha nyekundu, papo kwa papo. Kijana akasogeza kiti nyuma kidogo, kama mtu anayetafuta hewa. Akasema kwa adabu kwamba benki haiwezi kukopesha kwa bahasha. Inataka hati ya mshahara, na pesa zionekane zikiingia kwenye akaunti mwaka mzima. Akasimama, akainamisha kichwa, na mdomo ukamponyoka kwa mazoea:

"Asante sana, mama. Tutaonana te—"

Akaung'ata ulimi. Mtu wa kazi ile haambiwi tutaonana tena, wala yeye hamwambii mtu. Kijana aliiva uso, mwekundu kama tunda la joka.

"Tutaonana, mwanangu," Pao-lien alimtuliza. "Ila usiwe na haraka."

Alicheka njia nzima mpaka nyumbani, lakini ushauri aliushika. Akajiandikisha kwa kampuni moja ya mazishi iliyomlipa mshahara benki kila tarehe tano, akalipa kodi ya serikali kwa jina lake, na mwaka mzima akakaa chumba cha kupanga juu ya duka la matairi, ambako kila kitu, hata mto, kilinuka mpira.

Mwaka ulipotimia akampata dalali aitwaye Ou, mtu mfupi mwenye maneno mengi na pikipiki isiyo na kioo kimoja.

"Dada mkubwa," Ou alimwambia, "kwa pesa yako hiyo mjini hapa utapata gereji. Ila ipo moja." Akashusha sauti. "Ghorofa moja, ua mdogo, mti wa pera, nyuma ya kiwanda cha zamani cha sukari. Nyumba kama hiyo ni milioni sita za dola zetu. Hii ni milioni tatu na laki nane."

"Ina nini?"

"Sheria inanibana nikwambie, kwa hiyo nakwambia. Ni nyumba ya mkosi. Mzee aliyekuwemo alijitundika. Mwaka wa tisa huu imekaa tupu. Watu wakija kuiona, jirani mmoja anawaita pembeni, anawasimulia, wanakimbia bila hata kunidai nauli."

"Mimi nakula na wafu kila siku," Pao-lien alisema. "Twende."

Walipokata kona ya kichochoro na akaliona lango la buluu, hatua zake zikapungua. Lango lile alikuwa amelipita, miaka tisa nyuma, na beseni lake mkononi. Mzee wenyewe alikuwa mwalimu Chien, mwalimu wa hesabu. Pao-lien ndiye aliyemwosha, mle mle sebuleni.

Na hakuwa amejitundika hata kidogo. Shingo yake ilikuwa safi kama ya mtoto. Alikuwa amepanda kwenye kigoda kufunga mafungu ya vitunguu saumu kwenye boriti, ili vikauke, moyo ukasimama, akaanguka. Jirani aliyekuja kuazima chumvi alichungulia dirishani, akaona kigoda kimepinduka, kamba inaning'inia, mzee yuko chini. Akapiga yowe moja, na yowe hilo likawa historia ya nyumba. Vidole vya mwalimu vilinuka vitunguu saumu kiasi kwamba Pao-lien alivisugua mara tatu.

Yote hayo aliyakumbuka akiwa amesimama uani, dalali akimwonyesha bomba.

"Mwenye nyumba ni mwanawe," Ou alikuwa akisema. "Yung-mao. Yuko Vietnam, kiwanda cha viatu. Maskini, waligombana na mzee wake alipokwenda huko, hawakusemeshana miaka miwili, kisha ndiyo hivyo. Anaamini mzee alijiua kwa ajili yake. Akija likizo anaegesha gari hapo nje, anaitazama nyumba, anaondoka. Haingii. Ndiyo maana bei iko chini, dada. Anataka tu imtoke machoni."

Hapo Pao-lien alipaswa kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini aliutazama ule mpera uliojaa matunda, akaitazama sebule iliyoingiwa na jua la asubuhi, akahesabu pesa zake kichwani, na neno akalimeza. Alijiambia kwamba siri ya maiti ni ya aliyemwosha. Ni kanuni ya kazi yake, na ni kanuni nzuri. Siku hiyo, hata hivyo, ilimfaa kupita kiasi.

Benki ya pili ilimpokea vizuri. Hati za mshahara zipo, kodi ipo, deni hana. Afisa wa mikopo, bwana wa makamo mwenye sauti ya mtangazaji, alimpa chai na kalenda. Mambo yakaenda kama maji mpaka mtathmini alipoandika anwani ya nyumba kwenye kompyuta. Kesho yake simu ikalia.

"Mama Tseng, tunasikitika. Hatutoi mkopo kwa nyumba yenye mkosi."

"Lakini mimi siogopi, bwana."

"Sisi tunaogopa. Ukishindwa kulipa, tutamuuzia nani?"

"Kumbe!" Pao-lien akasema. "Miaka yote nadhani wanaoogopa mizimu ni vikongwe. Kumbe ni benki!"

Bwana wa sauti ya mtangazaji hakucheka.

Ikabaki idara ya mikopo ya chama cha wakulima, ofisi ya dirisha moja karibu na soko la mboga. Afisa aliitwa Bi. Fang, mwanamke mkavu, mikono ya shati ameivalia vifuko vya kukinga wino, na alikuwa akila pera kwa chumvi wakati akisoma faili. Alisoma kila karatasi. Alisoma hata nyuma.

"Wewe huna tatizo," alisema mwishowe. "Tatizo ni huyu marehemu. Nani kathibitisha kwamba alijinyonga?"

"Kichochoro kizima."

"Kichochoro si daktari. Hapa hatukopeshi wala hatunyimi kwa uvumi, mama. Niletee cheti cha kifo. Kikisema alijinyonga, mikono yangu imefungwa. Kikisema kingine, tuzungumze. Lakini cheti hicho hutolewa kwa ndugu tu. Itabidi umwone mwanawe."

Pao-lien akatoka, akakaa kwenye ukingo wa barabara katikati ya marobota ya kabichi. Mambo yalikuwa yamejipanga mbele yake waziwazi, na hakuyapenda. Akimwambia Yung-mao ukweli, mkopo utapita. Lakini nyumba haitakuwa ya mkosi tena, na nyumba isiyo na mkosi ni milioni sita, pesa ambayo hatakuwa nayo hata akiwaosha watu wote wa Xinying mara mbili mbili. Asipomwambia, mkopo hakuna, nyumba hakuna, na yule bwana ataendelea kuegesha gari nje ya lango la buluu.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba alikuwa amenyamaza miezi miwili, na katika miezi hiyo alikuwa amelala usingizi mzuri.

Yung-mao alikuwa nchini kwa likizo ya sikukuu ya makaburi, watu wanapokwenda kuwasafishia wazee wao makaburi. Wakakutana kwenye duka la tambi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na minane, nywele mvi tupu, viatu vizuri sana. Aliagiza mabakuli mawili, wala hakugusa lake.

"Dalali ameniambia unataka karatasi fulani, dada," alisema. "Kama ni ya kupunguza bei zaidi..."

"Si ya kupunguza bei. Sikia, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemwosha baba yako."

Yung-mao akaweka chini vijiti vyake vya kulia.

Pao-lien akamsimulia. Hakupamba. Alimwambia habari ya shingo, ya kigoda, ya mafungu ya vitunguu saumu yaliyotapakaa sakafuni hata msaidizi wake akateleza. Alimwambia kwamba uso wa mwalimu ulikuwa na mkunjo mmoja tu, hapa, katikati ya nyusi, kama mtu anayetafuta jibu la hesabu na karibu analipata.

"Shangazi aliniambia hivyo hivyo," Yung-mao alisema. "Moyo, aliniambia. Mimi nilifika wameshauchoma mwili wake, nikasikia maneno ya kichochoroni, nikadhani shangazi ananifariji tu. Naye kafa. Karatasi zote za mirathi alizishughulikia yeye na mwandishi wa hati. Nilipewa bahasha ya kahawia. Sijawahi kuifungua."

"Miaka tisa?"

"Ungeifungua, wewe?"

Pao-lien akasogeza bakuli lake pembeni. Mvuke wa tambi ulikuwa umekwisha.

"Na wewe," Yung-mao akasema, sauti imebadilika, "ulikuja kuiona nyumba miezi miwili iliyopita. Mbona hukusema?"

Angeweza kumtajia kanuni ya kazi. Alikuwa ameiandaa.

"Kwa sababu bei ilikuwa nzuri," alisema.

Yung-mao akamkazia macho. Kisha kitu kikamtoka kifuani, nusu kicheko nusu kwikwi, na watu wa meza ya pili wakageuka. Akafuta uso kwa karatasi nyembamba za duka la tambi, zile zinazochanika na kukuachia vipande kwenye ndevu, akalipa, akaondoka bila kuaga.

Jioni hiyo hiyo Ou alipiga simu, anafoka kama birika.

"Dada mkubwa, umefanya nini? Cheti kinasema moyo! Muhuri wa daktari, kila kitu! Nyumba ni milioni sita sasa, naweza kuiuza kabla ya Jumapili! Umejichongea mkuki, dada, ukajikabidhi mwenyewe!"

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Ou, kamisheni yako si itapanda? Lala, mdogo wangu."

Siku nne zikapita bila neno. Pao-lien alifanya kazi yake, akala, akajifunza upya kuipenda harufu ya mpira. Siku ya tano, alipokuwa akifua taulo nyuma ya jengo la kampuni, Yung-mao akaja na viatu vyake vizuri, akachutama kando ya beseni.

"Dalali anasema sita," alianza.

"Dalali anasema kweli."

"Nililala ndani ya ile nyumba jana. Mara ya kwanza. Paa linavuja chumba cha juu, unajua?"

"Niliona. Ndiyo maana nilikuwa sitaki kulipa zaidi ya tatu na nusu."

"Ilikuwa tatu na laki nane!"

"Hiyo ndiyo bei yako. Yangu nilikuwa sijaitaja."

Yung-mao akatabasamu, na kwa mara ya kwanza Pao-lien akaona kwamba amefanana na baba yake. "Nne na nusu," alisema.

"Nne. Na paa natengeneza mwenyewe."

"Nne na laki mbili, dada. Na siku ya makaburi kila mwaka unifungulie lango, niketi chini ya mpera na wanangu."

"Siku hiyo mimi huwa kazini kutwa. Utachukua ufunguo kwa jirani." Akafuta mkono kwenye aproni, akaunyoosha. Yung-mao akaukamata bila kusita. Ulikuwa baridi, kwa sababu ya taulo.

Karatasi zikarudi kwa Bi. Fang. Akasoma cheti, mbele na nyuma. Akataka saini nyingine mbili na picha ya paa. Akauliza kama ana ugonjwa wa sukari. Akauliza ana mpango gani wa kulipa akifika miaka sabini.

"Watu wa kuniajiri hawaishi," Pao-lien alisema.

"Hilo," Bi. Fang alikubali, akiandika, "ni kweli."

Jibu lilikuja Jumatano saa nne asubuhi. Pao-lien alikuwa na bibi wa miaka tisini na mmoja mbele yake, anampaka rangi ya mdomo, na mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Akaibonyeza simu kwa kiwiko ili sauti itoke nje.

"Mama Tseng? Fang hapa, chama cha wakulima. Kamati imekaa. Milioni tatu, miaka ishirini. Umekubaliwa."

Pao-lien akasimama na brashi hewani.

"Mama, unanisikia? Uko na mtu?"

"Niko na mtu, ndiyo." Akamwinamia bibi. "Bibi, umesikia? Nimekubaliwa."

"Mpe salamu zangu," Bi. Fang akasema, kisha akakata.

Mjukuu wa yule bibi, aliyekuwa akisubiri nje ya pazia, alisimulia baadaye kwamba bibi yake hakuwahi kupakwa vizuri vile, hata siku ya harusi.

Pao-lien alihamia mwezi wa sita, asubuhi ya siku njema kwenye kalenda, akitanguliza mchele na chumvi kama ilivyo desturi. Yung-mao, kabla ya kurudi Vietnam, alikuwa amefanya jambo moja: alichukua nakala ya cheti, akagonga mlango wa jirani mwenye yowe, Mama Shih, akamsomea neno kwa neno, na alipofika kwenye neno moyo akalisoma mara mbili.

"Sasa si mngesema!" Mama Shih alikuwa amemaka. "Miaka tisa nazungukia barabara ya pili kwenda sokoni! Na magoti haya! Bure!"

Siku ya tatu ya kuhamia alitokea langoni na bakuli la vidonge vya unga wa mchele vyenye sukari, amelifunika kwa sahani. Alisimama kwenye kizingiti. Pao-lien alikuwa amevizoea vizingiti na watu wanaosimama juu yake, kwa hiyo hakumkaribisha wala hakumfukuza. Aliendelea kupiga deki.

"Wewe ndiye yule wa... ile kazi," Mama Shih alisema.

"Ndiye mimi."

"Utaniosha na mimi?"

"Ukifika, nipo. Jirani namfanyia nafuu."

Mama Shih akalipima hilo. Halafu akavuka kizingiti, akapita sebuleni bila kuitazama boriti, akaingia moja kwa moja jikoni, akaweka bakuli mezani, na kuanza kutazama huku na huku kwa jicho la mtu aliyesubiri miaka tisa kuona ndani.

"Jiko halikai hapa," alisema. "Linatazama mlango, pesa zote zitatoka. Mwalimu nilimwambia, hakusikia."

"Lina bomba la gesi, mama. Haliondoki."

"Linaondoka. Shika huko."

Pao-lien akaegemeza fagio la deki ukutani, akashika.